Kompyuta ya Fundi wa Majeneza

Mume wangu hutengeneza majeneza. Naanza na hilo kwa sababu watu wakilijua baadaye hujiona wamefichwa kitu. Hutengeneza pia vitanda, milango na makabati, lakini mtaani sijamsikia mtu akimwita fundi wa makabati. Mimi hushona kitambaa cha ndani, satini kwa pamba, na ndiye ninayepiga vanishi. Watoto wetu wamekula, wamesoma na wameoa kwa kazi hiyo. Kufa kufaana, walisema wahenga, na mwenye kutucheka na acheke.

Ni mtu wa maneno machache na kiburi kingi, na kiburi chote kiko kwenye maungio. Ubao na ubao zikikutana mikononi mwake, hupitishi wembe katikati. Hajisifu kwa mdomo. Humshika mteja mkono, akaupitisha taratibu kwenye pembe ya sanduku, kisha hukaa kimya akingoja. Usiposema lolote umeingia kwenye kundi la wajinga, na humo hutoki mpaka umzike mtu mwingine.

Ana mdogo wake mmoja tu, shemeji yangu, aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Hawakufanana hata kidogo. Shemeji alikuwa mropokaji, mcheshi, mtu wa kuingia jikoni bila hodi na kufunua sufuria. Akitoka safari alikuja kulala kwetu, na siku mbili tatu nyumba ilikuwa na kelele ya watu kumi. Mume wangu alijifanya kukereka. Lakini siku shemeji akiondoka, randa ilikuwa ikikwaruza polepole kutwa nzima karakanani, na mimi nilijua maana yake.

Ugonjwa ulianza na mguu uliokataa kukanyaga klachi. Akadhani ni uchovu. Baadaye madaktari wakasema misuli yake inakufa kidogo kidogo na hakuna dawa ya kuirudisha: itaanza miguu, itafuata mikono, mwisho sauti. Binti yake, anayefanya kazi kwenye duka la dawa katika mji mwingine, akamchukua akakae naye.

Tulimfuata. Tulisafiri kutwa nzima kwa basi, tukafika na mizigo yetu, binti akatupokea vizuri, na yeye akajifungia chumbani. Hakutaka tumwone. Binti alibembeleza. Mimi nilibembeleza, nikatania, nikamtukana kidogo kama shemeji anavyoruhusiwa. Mlango haukufunguka. Mume wangu akaenda kusimama mbele ya ule mlango. Alikuwa ameutengeneza yeye mwenyewe binti alipohamia nyumba ile, na ulikaa kwenye fremu yake hata sauti ilipita kwa shida. Badala ya kusema "nimekukumbuka, mdogo wangu," akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Methali hiyo kila mtu huisema. Lakini si kila mtu ni fundi wa majeneza.

Shemeji akajibu kutoka ndani, "Kwani umekuja kutafuta kazi?"

Tulilala pale, asubuhi tukaondoka bila kumwona. Ndani ya basi sikumsemesha mume wangu, maana ningemsemesha ningemuuma. Nilikuwa na hasira na wote wawili, mmoja kwa ulimi wake na mwingine kwa mlango wake.

Baada ya hapo shemeji akawa mtu wa maneno mawili kwenye simu. "Nipo." "Salama." Mume wangu alipiga, akaambiwa "nipo", akakaa na simu sikioni akisikiliza pumzi, kisha akakata. Mwishowe hata hiyo simu ikawa haipokelewi.

Siku moja binti yake akanipigia mimi.

"Mama mkubwa, nina neno. Lakini usimwambie baba mkubwa, ataumia."

Bila shaka nilimwambia baba mkubwa. Ndiyo maana watu huanza na maneno hayo.

Binti alisema baba yake hajanyamaza kama tunavyodhani. Kila jioni anaingia kwenye mchezo wa malori ndani ya kompyuta. Humo wanakutana madereva kutoka kila pembe, kila mmoja na lori lake, wanabeba mizigo mji hadi mji na kupiga soga kwa maiki njia nzima. "Anacheka, mama mkubwa. Anacheka mpaka najiuliza nani kaingia chumbani kwa baba." Anaendesha kwa vitufe, akasema, kwa vile vidole vichache vilivyobaki na nguvu. Na daktari amesema havitakaa sana.

Nilipomaliza kusimulia, mume wangu aliendelea kupiga randa. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Anawachekea watu asiowajua?"

"Hawamwoni," nikamwambia. "Humo ndani hakuna anayemwona. Ndiyo raha yake."

Akaweka randa chini. "Hiyo mashine inauzwa wapi?"

Niseme wazi alichokuwa anakitaka, maana watu mtaani walidhani mzee ameanza utoto. Alitaka kuzungumza na ndugu yake kabla vidole havijaisha na sauti haijafuata. Mlango ulikuwa umebaki mmoja tu, na wenyewe ulikuwa ndani ya mchezo wa watoto.

Simu zetu hazikuweza. Kompyuta ya zamani aliyotuachia mtoto wetu wa mwisho ilijaribu, ikavuma, ikakwama kabla lori halijatoka getini. Tulikuwa tumeweka akiba ya kuezeka upya karakana. Tukakubaliana mvua itusubiri.

Fundi kompyuta wa mtaa wetu ni mwanamke. Wanamwita Mama Nyaya, na chumba chake kiko nyuma ya duka la viatu, chembamba kiasi kwamba wateja hukaa kwa zamu. Mume wangu aliingia akiwa amevaa shati la kwendea mazishini, ambalo ndilo shati lake zuri.

"Nataka kompyuta yenye nguvu kuliko zote," akasema.

"Ya kufanyia nini, baba?"

"Kazi."

"Kazi gani? Kuna ya kuandika barua na kuna ya kutengeneza sinema."

Akatazama dari. Nikaona nimsaidie. "Anataka kucheza mchezo wa malori."

Bwana mmoja aliyekuja kutengeneza simu alicheka kwa pua. Mume wangu akamwangalia kwa lile jicho la kumpima mtu urefu, na yule bwana akakumbuka ana shughuli nje.

Mama Nyaya hakucheka. "Basi tuanzie kwenye mchezo," akasema. "Wanaoanza wote hukosea hapa. Wanatafuta mashine kwanza, halafu wanauliza itafanya nini. Utanunua nguvu usiyoihitaji, uikose unayoihitaji." Akasoma kwenye skrini yake mchezo ule unadai nini, kisha akaanza kupanga vitu mezani. Alianza na kadi ya picha, ile inayochora barabara na miti na malori mengine. Kwenye michezo, akasema, hii ndiyo hula fedha kuliko vyote. Ikafuata prosesa, inayofikiri. Kisha mazabodi, ambayo kila kitu hupachikwa juu yake, na diski ya kuhifadhia, na pawa saplai ya kugawa umeme. "Na usibane fedha kwenye umeme, baba. Pawa saplai mbovu ikifa haifi peke yake."

"Huyo tunamjua," mume wangu akasema. Ulikuwa utani wake wa kwanza kwa miezi.

Sasa, mume wangu huchagua mbao kwa kuzinyanyua. Ubao mzito ndio ubao. Akaanza kunyanyua vile vitu kimoja kimoja, macho kayafumba nusu, kisha akachagua kadi moja kubwa ya vumbi iliyokuwa rafu ya chini. "Hii."

"Hiyo ni nzito kwa sababu ni ya zamani," Mama Nyaya akamwambia. "Hii ndogo inaishinda mara mbili."

Hakuamini. Aliirudisha rafuni kwa huzuni, na kila tulipokwenda tena nilimwona akiitupia jicho. Kwenye RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, vilevile alitaka kipande kimoja kikubwa, akaambiwa achukue viwili vidogo, vitasaidiana na mashine itakwenda vizuri zaidi. Hapo alielewa bila kubishana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ila kiburi hakikumwacha. Prosesa ya Mama Nyaya aliiona ghali, akaenda mjini kimyakimya, akapatana na mtu, akarudi na nyingine akitabasamu peke yake. Siku ya kuunganisha, haikukaa. Mazabodi ilikuwa ya ukoo mmoja na prosesa ya ukoo mwingine, na vijino vyake havikukutana na matundu. Mume wangu akainama, akaangalia kwa makini, akanyoosha mkono kwangu.

"Nipe patasi."

Mama Nyaya alipiga kelele hadi muuza viatu akaja mbio. "Baba! Huu si mlango! Haukwanguliwi!"

Aliirudisha ile prosesa kwa hasara, na njiani sikumcheka. Nilimcheka nyumbani.

Likabaki kasha. Mama Nyaya alituonyesha aliyokuwa nayo, ya bati jeusi, mengine yana kioo ubavuni na taa zinazobadilika rangi. Mume wangu akagonga moja kwa kidole, likalia. Uso wake ukakunjamana.

"Bati," akasema. "Nikutane na mdogo wangu ndani ya bati?"

"Lina matundu ya hewa, lina nafasi ya feni..."

"Nitalitengeneza mwenyewe."

Mama Nyaya akampa vipimo. Akamwambia pia, mbele yangu, kwa lugha ambayo hata kuku angeielewa: toboa mbele, toboa nyuma, toboa sana, mashine hizi hupata joto na lazima zipumue. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Tulipofika kwenye kona nikamuuliza kama amesikia.

"Kutoboa mbao ni kazi ya mchwa," akasema.

Alilitengeneza kwa mti mgumu mwekundu aliokuwa ameuficha miaka mingi nyuma ya karakana, ambao mimi nilidhani ameuweka kwa ajili yetu wawili. Sijawahi kumwona akifanya kazi vile. Alipiga msasa hadi mbao zikawa laini kama kiganja cha mtoto. Mimi nikapaka vanishi tabaka baada ya tabaka. Nyuma akaacha tundu dogo la nyaya na vijitundu vichache vya aibu, na mbele akaliziba kabisa. Lilikuwa zuri. Nilipolipitishia mkono kwenye pembe nilisema, "Hata wembe haupiti," na akaridhika. Mama Nyaya alipokuja kufunga vitu ndani alilizunguka mara mbili akitikisa kichwa. "Zuri mno," akasema. "Zuri mno, fundi. Mbele vipi?" Mume wangu akajibu kwamba feni ipo. Mama Nyaya akajaribu mashine kidogo mfuniko ukiwa wazi, ikawaka vizuri, naye akaenda zake.

Tukaweka mashine kwenye kona ya karakana. Jirani mwenye saluni akatuunganishia intaneti yake. Mume wangu hajawahi kuendesha gari maishani, hata la kusukuma, kwa hiyo wiki ya kwanza ilikuwa ni kuvunja mageti. Mimi nilishona huku nikimsikia akiomba radhi kwa watu waliomo ndani ya skrini. Akajifunza. Akaweza kukata kona bila kupanda ukuta. Binti akatuambia baba yake huanzia bohari gani, na jioni moja mume wangu akapeleka lori lake la kijani hapo, akalisimamisha, akangoja.

Malori yakaingia. Spika ikatoa sauti nene ya mtu wa kicheko, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mguu wake ulipokataa klachi.

"We mwenye lori la kijani! Unaziba geti, bwana. Sogea."

Mume wangu hakusogea.

"We! Huna maiki?"

"Ninayo," mume wangu akasema.

Malori mengine yalipiga honi, yakapita pembeni.

"Kaka?"

"Ni mimi."

Nilishika kitambaa kwa mikono miwili. Nilidhani shemeji atatoka na ndiyo basi tena. Kisha nikasikia anavuta pumzi, pumzi ile fupi ya mgonjwa, na kicheko kikaja nyuma yake. "Nani kakufundisha kuziba geti hivyo?"

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililowesha satini ya watu, ikabidi nikate kipande kingine.

Tangu siku hiyo kila jioni walisafiri pamoja, shemeji mbele na mume wangu nyuma. Shemeji alimfundisha kushuka mlima kwa gia na lini apishe. Alimsimulia barabara za kweli alizopita, vituo vya mizani alikolala, matairi yaliyompasukia. Mume wangu, ambaye kwa miaka amenijibu mimi kwa kuguna, akawa anauliza maswali. Waliongea kuhusu mama yao. Waliongea hata kuhusu mimi, na shemeji akasema kwa makusudi akijua nasikia, "Huyo shemeji yangu ulimpata kwa bahati, maana kwa sura yako ilikuwa vigumu." Kuhusu ugonjwa hawakugusa. Kuhusu mlango hawakugusa.

Siku yenyewe kulikuwa na joto. Mabati ya karakana yalikuwa yakilia, na wao walikuwa na safari ndefu kuliko zote, wamekwenda tangu alasiri. Nilisikia harufu ya vanishi nikadhani ni jeneza nililopaka asubuhi.

"Kaka," shemeji akasema, "lile neno nililokuambia siku mlipokuja. La kutafuta kazi."

"Yamepita hayo."

"Hayajapita. Nisikilize. Nataka kukuuliza kitu na usinijibu haraka haraka." Lori lake mbele lilikuwa limepunguza mwendo. "Siku yangu ikifika, utanitengenezea wewe? Au nimwambie binti atafute fundi mwingine?"

Nilimtazama mume wangu. Alifungua mdomo. Na skrini ikawa nyeusi.

Akabonyeza kitufe. Ikawaka, ikazima. Akabonyeza tena. Niliweka mkono juu ya lile kasha nikautoa upesi, maana lilikuwa limechemka kama pasi. Akachukua simu akampigia ndugu yake, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mwisho nikampigia binti, akapokea kwa sauti ya chini.

"Baba amezima kila kitu. Anasema baba mkubwa amekimbia."

"Mashine imezimika, mwanangu! Mwambie imezimika yenyewe!"

Nikamsikia akienda kumwambia. Akarudi. "Anasema ndivyo watu wanavyosema."

Mama Nyaya alikuja asubuhi akafungua mfuniko. Hewa ya moto ilikuwa bado imekaa humo ndani. Alisema mashine haijafa. Ilipozidiwa na joto ilijizima isije ikaungua. "Nilikwambia uitoboe," akasema, na kwa uchungu wa mtu aliyepuuzwa akaongeza, "hapa hujatengeneza kasha, fundi, umetengeneza jeneza." Halafu akasikia alichokisema, akaweka mkono mdomoni.

"Ndilo ninalojua kutengeneza," mume wangu akamjibu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Mama Nyaya alipoondoka nikamuuliza mume wangu, "Jana ungemjibu nini?"

Akafikiri. "Sijui," akasema. "Mdomo ulifunguka, lakini sijui ungetoa nini." Alikuwa amewatengenezea majeneza baba yake na mama yake. Alikuwa amewatengenezea watoto wa watu, ambao jeneza lao hulibeba peke yake mkononi kama kikapu. Lakini alisema hawezi kusimama mbele ya mbao na kujua zile ni za huyu. Na hawezi pia kuona fundi mwingine akizigusa. Tulikaa pale juu ya vumbi la mbao.

Kisha akainuka akachukua keekee. Mimi nililishika kasha, yeye akatoboa. Alianza mbele, katikati ya ule ubao mwekundu niliokuwa nimeupaka vanishi huku nimebana pumzi, akatoboa safu baada ya safu, kisha nyuma, kisha juu. Kila tundu lilitoa unga mwekundu ukamwangukia miguuni. Alifanya bila kusimama, meno yameumana. Alipomaliza lilionekana kama kweli limepitiwa na mchwa. Akaweka feni nyingine mbele, Mama Nyaya akafunga, mashine ikawaka na kuvuma kwa utulivu, na hewa ya vuguvugu ikatoka upande wa pili.

Kila jioni akaingia, akaenda kusimamisha lori la kijani nje ya ile bohari, safari hii pembeni, asizibe geti. Malori yaliingia na kutoka. Shemeji hakuja. Wale madereva wengine walianza kumsalimia, na mmoja akamuuliza anamngoja nani. "Mdogo wangu," akasema. Binti aliniambia kwamba mkono wa kulia sasa umelala kabisa na wa kushoto unatetemeka. Sikujua kama nimwambie mume wangu. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiti.

Siku alipokuja, lori lake liliingia likiyumba, likakwangua nguzo, likasimama kombo pembeni yetu.

"Anayeendesha ni binti," spika ikasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Mimi leo ni abiria. Ameniambia kuna mtu kaegesha hapa kama lori bovu, anatia aibu ukoo."

"Mashine ilizimika," mume wangu akasema. "Nililiziba kasha. Halikuwa na hewa."

"Uliziba kasha la kompyuta?"

"Ndiyo."

Shemeji akacheka hadi akakohoa, na binti akasikika akimpa maji. Tukangoja. Malori mawili yalisimama kwenye skrini, injini zikinguruma, hakuna aliyekwenda popote.

"Uliniuliza swali," mume wangu akasema.

"Nimeshasahau."

"Hujasahau. Nitalitengeneza mimi. Fundi mwingine asiguse." Akasogeza kiti karibu na skrini. "Lakini mimi sitengenezi kwa kukisia, mdogo wangu. Nakuona kwenye kumbukumbu tu, na kumbukumbu ni za mtu aliyekuwa anafungua sufuria za watu. Siwezi kukata ubao kwa mtu nisiyemwona."

Niliacha kushona. Ile pumzi fupi ilisikika, ikakatika, ikasikika tena. Nilimwomba Mungu ile mashine isizime.

"Basi njoo unipime," shemeji akasema.

Hatukungoja wiki iishe, tukapanda basi. Binti alitufungulia, na kile chumba kilikuwa wazi. Shemeji alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, shuka limemfunika hadi kifuani. Sitaeleza alivyokuwa, maana alikaa muda mrefu akikataa kuonekana, na mimi si wa kumtembeza kwa watu. Alijaribu kulivuta shuka juu zaidi, mkono ukakataa, akauacha.

"Haya, fundi," akasema. "Leo sina pa kukimbilia. Nipime."

Mume wangu alikuwa na tepu ya kupimia kwenye mfuko wa shati. Alisimama tu. Mimi nilijua hawezi kuitoa, na shemeji akajua, maana akasema kwa upole, "Kwanza nilaze. Nimechoka kukaa."

Akamwinamia, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, akamnyanyua. Kitanda kilikuwa hatua chache tu. Hakwenda. Alisimama katikati ya chumba amembeba mdogo wake, kichwa kimemlalia begani, na hakuna aliyemharakisha mwenzake. Mimi na binti tukatoka.

Tulikaa kwao siku kadhaa, na mlango ule haukufungwa tena. Kwenye basi la kurudi niliona tepu bado iko mfukoni, haijaguswa.

"Hukumpima," nikamwambia.

"Nimempima," akasema. "Nilimbeba."